Moto wa Kwanza wa Nyumba ya Majibu

Sogeeni, sogeeni huku karibu, mikeka inatosha. Wewe mwenye muwa, maliza kutafuna au uuweke chini, mimi siwezi kushindana na meno. Nyamazeni sasa. Nataka kimya, lakini kimya kidogo tu, cha kupitisha hadithi, kwa sababu huko ninakowapeleka watu walikuwa wanaogopa kimya cha mtoto kuliko walivyoogopa chui. Mmetulia? Haya, shikeni mkono wangu twende.

Hapo zamani, kwenye nchi ya milima, palikuwa na kijiji kinaitwa Irindi. Kijiji kizuri, maharage yake matamu, watu wake wabishi. Na palikuwa na homa. Mtoto anaamka asubuhi anacheza. Mchana sauti inakwaruza. Jioni ukimwita anakutazama tu, macho makubwa, mdomo umefunga. Wakaiita homa ya kibubu. Wengine waliipata wakapona. Wengine waliipata wakazikwa. Kila kiangazi ilirudi, na kila kiangazi akina mama wa Irindi walikuwa wakiwachokoza watoto wao makusudi, wawafinye, wawatekenye, ili tu wasikie kelele.

Basi akaja mwanamke kutoka chuo kikuu. Jina lake Profesa Tumpe, mtu wa Rungwe, mrefu, kicheko kikubwa, viatu vimelika upande mmoja. Akawakuta wazee uwanjani, akawaambia, "Chuoni tunayo dawa. Imeponya panya, imeponya nyani. Lakini imelala kwenye kichupa miaka mingi, haijakutana na mtoto. Nataka tujenge nyumba hapa Irindi. Upande huu vitanda, upande ule darubini, katikati mlango. Kinachoonekana kitandani kivuke kiende kwenye darubini. Kinachoonekana kwenye darubini kivuke kirudi kitandani. Dawa isilale tena."

Mzee Semboja akamtazama. Huyu Semboja ndiye aliyekuwa akipiga baragumu la msaragambo. Likilia, kila nyumba inatoa mtu, kazi ya kijiji inafanywa kwa mikono ya kijiji. Akasema, "Mama, walikuja wengine kabla yako na magari. Waliwatoa watoto wetu damu, wakaondoka nayo. Tukangoja jibu. Mpaka leo tunangoja. Wewe utarudi na jibu?"

"Nitarudi nalo, mzee. Hata likiwa baya."

"Hata likiwa baya?"

"Hata likiwa baya."

Semboja akajikuna kidevu. "Basi nitapiga baragumu. Lakini jengo lako lina jina refu mno, mimi nimeshalisahau. Sisi tutaliita Nyumba ya Majibu."

Makubaliano yakawa hivi: Irindi watatoa msingi na kuta. Chuo kitaleta paa na mashine, lakini baada ya kuona dawa inafaa. Isipofaa, kuta zitabaki kuta.

Sasa mjueni Nakijwa. Mume wake alikuwa kwenye mashamba ya mkonge mbali huko, na yeye alibaki na shamba moja la mahindi, mkwe mmoja mkali, na mtoto mmoja, Mcharo, mdomo kama cherehani. Kichwa cha Nakijwa kilikuwa kigumu. Akisema kesho nitalima mpaka kwenye jiwe lile, hata mvua ya mawe ikinyesha utamkuta kwenye jiwe.

Msingi wa Nyumba ya Majibu ulimwagwa kiangazi. Na zege likishamwagwa linataka maji kila siku, usipolimwagilia linapasuka. Maji ya Irindi ni ya ndiva, lile bwawa la kijiji linalojaa usiku na kufunguliwa alfajiri. Kila mwenye shamba anatia mkono kwenye kikapu, anatoa kibao cha mti chenye namba, na namba hiyo ndiyo zamu yake ya maji. Mafundi wakasimama, mikono kiunoni. Nani atatoa zamu yake kiangazi?

Nakijwa akatoa kibao chake. Akakiweka mkononi mwa fundi.

Shemeji yake akamcheka mbele za watu. "Shemeji! Mwaka huu mtakula zege?"

"Tutalila, shemeji. Kwa chumvi. Karibu."

Zege likanywa, likakaza. Mahindi ya Nakijwa yakajikunja, yakawa njano, yakawa kuni. Mwaka ule aliishi kwa maharage ya kuomba, na mwenye kumpa mara nyingi alikuwa jirani yake Nietiwe, mama wa Hadia. Nietiwe alikuwa mpole, maneno machache. Anafika na ungo wake, anamimina, anasema, "Mama Mcharo, haya yamezidi kwangu." Hayakuzidi. Nakijwa alijua hayakuzidi.

Kuta zikapanda. Kiangazi kilichofuata homa ikaja, na Profesa Tumpe akafungua kazi kwenye banda la mabati kando ya jengo. Dawa mbili: ile ya siku zote, iliyokuwa ikisaidia wachache, na ile mpya. Zote rangi moja, zote chupa moja, kila chupa na namba. Nani apewe ipi, Profesa hajui, muuguzi hajui, namba ndiyo inayochagua, na siri ya namba imefungwa chuoni. Wanafanya hivyo ili mtu asipendelee. Sasa namba zigawanywe vipi? Profesa, kwa kutaka kuwapendeza wenyeji, akaomba kitu wanachokizoea. Akaazima kikapu cha ndiva na vibao vyake.

Mnaona? Kikapu kile kile. Vibao vile vile.

Aliwaeleza akina mama, tena mara nyingi, kwamba dawa ni mbili na mojawapo haijajulikana, na asiyetaka arudi nyumbani atibiwe kama kawaida. Wakaelewa, wakakubali. Lakini kuhusu kibao alisema tu, "Kila mtoto achukuliwe namba yake." Akaona limekwisha.

Asubuhi moja Nakijwa akafika amembeba Mcharo mgongoni. Mcharo yule wa cherehani, sasa kimya. Akachukua kibao, jina likaandikwa na namba yake. Akakaa kwenye benchi. Pembeni yake alikuwa Nietiwe, na Hadia mapajani, naye hasemi, ila macho yake yalikuwa bado yanafuata inzi.

Nietiwe akamtazama Mcharo, akamtazama mama yake. "Yuko hoi huyu."

"Tangu jana hajameza mate."

"Una ngapi?"

Nakijwa akamwonyesha. Namba kubwa, ya mwisho mwisho huko.

"Mimi yangu ni ndogo. Tupishane, Mama Mcharo. Wewe tangulia, wangu anaweza kungoja."

Irindi kupishana zamu ni jambo la kila siku. Mwenzio ana mgonjwa, ana mgeni, ana msiba, unampa kibao chako, unachukua chake. Huo ndio ujirani. Nakijwa akapokea. Muuguzi akaita namba, Nakijwa akainuka, Mcharo akanywa. Akaita nyingine baadaye, Nietiwe akainuka, Hadia akanywa.

Siku chache zikapita. Mcharo akafungua mdomo akaomba ndizi. Hadia hakufungua.

Nakijwa ndiye aliyemshika Nietiwe kaburini asianguke.

Kiangazi kikaisha. Profesa Tumpe akaita watu uwanjani, kama alivyoahidi. Safari hii hakucheka. "Nimerudi na jibu. Ni baya. Waliopata dawa mpya wamekufa sawa na waliopata ya zamani. Dawa haifai. Chuo kimesema jengo lisimame hapo lilipo."

Mzee Semboja akauliza, "Profesa, na mlichaguaje nani apewe ipi?"

"Hatukuchagua sisi, mzee. Namba ndiyo iliyochagua. Namba ya kibao ndiyo namba ya chupa."

Nakijwa akamtupia jicho Nietiwe upande wa pili wa uwanja. Nietiwe alikuwa anatazama kuta.

Akarudi nyumbani. Mcharo akamfuata jikoni anabwabwaja: mama, mbuzi wa Semboja amekula kofia, mama, kwa nini moshi unapanda, mama, mama, mama. Na Nakijwa anasonga ugali, moyo unamwambia: nyamaza. Nani anajua? Wewe na Nietiwe. Na Nietiwe hajaunganisha. Ukinyamaza, una mtoto na una jirani. Ukisema, unakwenda kumwambia mama aliyefiwa kwamba mwanao amekunywa uhai wa mwanawe. Moyo mwingine unamwambia: dawa ile inatupwa kesho, na kiangazi kinakuja.

Akaepua sufuria. Akamwambia Mcharo, "Kaa kwa bibi yako." Akaenda.

Hakwenda kwa Profesa kwanza. Alikwenda kwa Nietiwe. Akamkuta anachambua maharage mlangoni.

"Mama Hadia."

"Karibu. Kaa."

"Sikai. Nikikaa sitasema." Akavuta pumzi. "Vile vibao havikuwa zamu."

Mkono wa Nietiwe ukasimama juu ya ungo. "Nilisikia uwanjani," akasema. "Nilikuwa nangoja nione kama utakuja."

"Nimekuja."

"Kwa hiyo nilimtoa kwa mkono wangu huu."

"Hatujui bado. Labda chupa zote mbili zilikuwa za zamani. Lakini dawa wanaitupa, Mama Hadia. Daftarini Mcharo ana namba yangu, lakini alikunywa ya kwako. Hesabu yao ni ya uongo, na sisi ndio tuliofanya iwe ya uongo."

Nietiwe akainuka, akajipangusa kwa khanga. "Twende tukajue."

Wakaenda wote wawili. Profesa aliposikia, alikaa chini kwenye udongo na suti yake. "Niliwaambia namba," akasema. "Sikuwaambia namba ya nini. Nikachukua kikapu chenu na sikuuliza mnakitumiaje." Akatuma neno chuoni, orodha ya namba ikaletwa. Kisha akamwambia Nietiwe, "Mama, una haki ya kutojua. Nisome au nisisome?"

"Soma."

Kibao alichokitoa Nietiwe kilikuwa cha dawa mpya, na alichokipokea kilikuwa cha dawa ya zamani.

Habari ikatembea. Mama mmoja akasema, hata mimi nilipishana na wifi yangu. Mwingine, hata mimi, nilikuwa nawahi kukamua. Karibu nusu ya vibao vilikuwa vimebadilishana mikono! Hesabu yote ikawa uji. Hapo hasira ikawaka. Wanaume wakachukua nyundo na mitaimbo. "Tubomoe! Wamechezea watoto wetu bahati nasibu!" Wakafika kwenye kuta.

Wakamkuta Nietiwe amesimama mlangoni, pale ambapo mlango haujawekwa.

"Pisha, mama. Tunabomoa kwa ajili ya mwanao."

"Mwanangu nimemzaa mimi," akasema Nietiwe. "Mkibomoa, Hadia amekufa bure. Ninataka nijue dawa hii inafaa au haifai. Nimelipia jibu, na sijapewa. Anzeni upya."

Nyundo zikashuka. Mzee Semboja akasema, "Mmesikia. Irudisheni hiyo mitaimbo majumbani, na kesho nikipiga baragumu nisione mtu amejificha nyuma ya mkewe."

Profesa Tumpe akarudi chuoni, akasimama mbele ya wakubwa. Walimwuliza, "Nani amekosea? Muuguzi? Wenyeji?" Palikuwa na nafasi ya kusema wenyeji. Akasema, "Mimi. Peke yangu." Wakamvua ukuu wa Nyumba ya Majibu. Wakampa bwana mwingine, mpole, mwenye miwani. Tumpe wakamwambia, kama unataka, rudi huko kama daktari wa kawaida ukarudie kazi chini yake. Akarudi na sanduku lake, akapanga chumba Irindi, akajifunza kuwasha kuni mbichi.

Kiangazi kingine. Safari hii namba ilifungwa kwa uzi kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, na kila mama alielezwa, kisha akaambiwa aeleze yeye alivyoelewa. Hesabu ikaanza kusema mapema. Waliopata dawa mpya waliomba ndizi. Walipoona hivyo, wakasimamisha kazi hapo hapo, kila mtoto akapewa ile mpya. Makelele yakarudi Irindi. Chuo kikaleta paa. Chuo kikaleta mashine. Mlango ukawekwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtanziko wenyewe ulipo.

Irindi nyumba mpya haihesabiwi nyumba mpaka moto uingie. Mtu mmoja anachukua kaa la jikoni kwake, analibeba kwenye kigae, anavuka kizingiti kabla ya yeyote. Tangu siku hiyo, yeye na uzao wake hawafungiwi mlango ule, na mwenye nyumba hafanyi jambo zito bila kumwuliza. Yule bwana wa miwani alisikia desturi hiyo, akaipenda. Akasema, "Baraza la nyumba hii lina kiti kimoja kisicho cha wakubwa wa chuo. Atakayeingiza moto ndiye atakayekikalia. Na hakuna sindano ya utafiti itakayomgusa mtu humu ndani mpaka mwenye kiti hicho aseme ndiyo."

Siku ya kufungua, Nakijwa aliondoka kwake na kaa jekundu kwenye kigae. Alijua amestahili. Alitembea kama mtu anayekwenda kwake. Akapinda kona ya ndiva. Pale mlangoni akamkuta Nietiwe, na kigae mkononi. Na kutoka upande wa pili akaja Tumpe, na kigae mkononi, kinamuunguza, anakihamisha mkono huu na mkono ule.

Mzee Semboja akaangua kicheko. "Leo nyumba itaungua kabla haijafunguliwa! Mlango ni mmoja, mama zangu. Semeni upesi, makaa yanazima."

Nakijwa akasema, "Moto ni wangu. Msingi huu umekunywa shamba langu. Na nyumba hii kazi yake ni jibu la kweli. Jibu la kweli nililileta mimi, wakati mwanangu mzima na mdomo wangu ungeweza kufunga. Ningenyamaza, leo msingekuwa na dawa, mngekuwa na kuta za popo."

Nietiwe akasema, "Moto ni wangu. Wewe ulitoa maji na ulitoa maneno. Mimi nilitoa Hadia. Nilimpa mwenzangu zamu kwa huruma, sikujua ninatoa nini. Na nilipojua, ningeweza kusema bomoeni. Nilisema anzeni. Nakitaka kiti hicho ili asiingie humu mama mwingine akatoa asichokijua."

Tumpe akasema, "Moto ni wangu. Dawa niliileta mimi. Kosa nililibeba mimi, sikumgawia mtu. Cheo kimekwenda, nimebaki hapa, jiko langu liko hapa. Watakaokuja kufanya utafiti ni wasomi. Nakitaka kiti hicho kwa sababu mimi najua msomi anavyokosea akiwa na nia njema."

"Kikapu uliazima wewe, daktari," akasema Nakijwa.

"Niliazima mimi. Ndiyo maana."

Nietiwe akamgeukia Nakijwa, sauti yake ya chini ile ile. "Wewe unaye Mcharo. Na moto pia unautaka?"

Watu wakatazama chini. Kaa la Nakijwa lilikuwa limeanza kufunikwa na majivu, na Nakijwa akalipuliza, likawaka tena, ndipo akajibu. "Nautaka kwa sababu ninaye. Kila akipiga kelele nasikia mbili, Mama Hadia. Unadhani nikikaa kwenye kiti kile nitasema ndiyo kirahisi?"

Nietiwe hakurudi nyuma. Hakuna aliyerudi nyuma. Walisimama watatu, bega kwa bega, kila mmoja analipuliza kaa lake.

Moto uliingia siku ile. Nani aliuingiza, ninajua, na sisemi mpaka niwasikie nyinyi kwanza.

Nitawaambia tu waliorithi nini. Baragumu la Semboja alilirithi mjukuu wake wa kike, na mapafu anayo. Zamu ya maji ya Nakijwa aliirithi Mcharo, na mpaka leo shamba lile lina mahindi marefu kuliko yote. Ungo wa Nietiwe aliurithi binti aliyezaliwa baadaye, na hapiti mlango wa Mcharo bila kumimina kitu. Viatu vya Tumpe havikurithiwa, vilikuwa vimekwisha kabisa, lakini vijana wa chuo walirithi neno lake, huwauliza wagonjwa, "Sasa nieleze wewe, umeelewaje?" Kikapu kilirudi ndiva.

Na nyinyi wajukuu zangu mlirithi makelele. Haya, kimya chenu nakirudisha. Pigeni kelele nisikie: Nakijwa, Nietiwe, Tumpe. Je, nani alistahili kuvuka na moto?